Chapa ya Ming Iliyonukia Chai

Nilisimama kwenye duka moja mtaa wa Shuyuanmen, Xi'an, China, karibu na Beilin, makumbusho ya mawe yaliyochongwa maandishi, kioo cha kukuzia mkononi, uso nimeukunja kama bwana shamba anayekagua mahindi yenye bungua. Muuzaji alinikunjulia chapa ya wino, yaani nakala ya karatasi, ya jiwe la kumbukumbu la Yan Qinli, mwandiko wa Yan Zhenqing, bingwa wa kuandika kwa brashi, wa mwaka 779. Akaninong'oneza: "Ya enzi ya Ming."

Nikaanza ukaguzi. Chapa hizi hazipigwi kama muhuri. Karatasi laini hulowanishwa kwa maji yaliyochemshiwa mzizi wa mmea uitwao baiji, ambayo hunata kidogo, ikalazwa juu ya jiwe na kugongwagongwa kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi iliyochongwa. Inasubiriwa ikaribie kukauka, ndipo kifurushi cha kitambaa chenye wino kinadonolewa juu yake. Palipozama wino haufiki, kwa hiyo herufi hubaki nyeupe. Ukiwahi karatasi ingali mbichi, wino unavujia ndani ya herufi. Ukichelewa, karatasi inabanduka na kazi imeharibika.

Ndiyo maana chapa ya kweli ina mabonde. Niliiinamisha taa ikapiga kwa ubavu, nikayaona. Kopi ya mashine huwa bapa kama gazeti. Hapo nikajipa maksi.

Kisha nikaingia kwenye nyufa, maana hapo ndipo umri unaposomwa: jiwe linalika, halioti nyama upya. Jiwe la Cao Quan, la mwaka 185, lina herufi "qian". Katika chapa za zamani kisanduku chake cha kushoto ni kizima. Katika za baadaye jiwe limemeguka pale, mstari wa wima umekipasua, na upande ule sasa unasomeka kama "che", yaani gari. Herufi hiyo moja inapandisha au kushusha bei ya karatasi nzima. Mimi na elimu yangu hiyo nikakuta kwenye chapa ya Yan Qinli ufa umekatiza katikati. Nusura niimbe.

"Unauona ufa huu?" nikamwambia muuzaji, namfundisha. Akaniangalia kama mvuvi anavyomwangalia samaki aliyerukia mtumbwini mwenyewe.

Yuan 600. Akaniongezea na kikaratasi chembamba kirefu, bure, "cha upande wa jiwe". Sikukisoma. Nilikizungushia chapa yangu isichafuke njiani.

Chumbani nikaamua kuinyoosha mikunjo. Utaratibu ni rahisi: meza safi, chapa uso chini, unapuliza maji membamba kwa nyuma, unapitisha brashi laini kutoka katikati kwenda pembeni. Wino mzuri una gundi ndani yake. Ukishakauka vizuri hauvuji. Na kweli haukuvuja. Kilichovuja ni rangi ya karatasi. Kidimbwi cha kahawia kikatambaa mezani, kikashuka kwenye kandambili zangu.

Mwenzangu wa chumba, kijana wa Moshi, akanusa. "Kaka, umemwaga chai?"

"Hapana."

Akanusa tena, akaitazama karatasi. "Basi umeuziwa chai."

Ningeliona mapema kama ningetazama mikunjo badala ya kuhangaika na nyufa. Karatasi inayozeeka yenyewe hukolea pembeni na pale mwanga na hewa vinapofika, ndani ya mkunjo ikabaki nyeupe zaidi. Yangu ilikuwa kahawia sawasawa kila mahali, kama kitambaa kilichochovywa kwenye beseni. Ilikuwa imechovywa.

Kesho yake nikampelekea mwalimu wetu mzee, nikijitetea kwamba labda rangi ni mpya ila chapa ni ya Ming. Hakugusa hata kioo.

"Enzi ya Ming ni lini?"

"1368 mpaka 1644, Mwalimu."

"Na jiwe hili wakati huo lilikuwa wapi?"

"Hapahapa Xi'an."

"Xi'an sehemu gani?"

Nikafungua mdomo, ndipo jibu lenyewe likanikaba. Jiwe la Yan Qinli lilikuwa limepotea tangu enzi ya Song, kabla hata ya Ming. Lilifukuliwa mwaka 1922, limekatika vipande viwili.

"Chini ya ardhi, Mwalimu."

"Kwa hiyo aliyepiga chapa yako alikuwa fuko."

Nilimwachia ufa wangu auseme mwenyewe. Ulikuwa ndio huohuo wa mkatiko. Yeye tayari alikuwa amekifungua kile kikaratasi chembamba na anakisoma kwa sauti. Ubavu mmoja wa jiwe ulikuwa umeparuzwa zamani, na baada ya jiwe kupatikana, msomi Song Bolu aliandika pale habari za kufukuliwa kwake. Mwalimu akasimamisha kidole kwenye tarehe: mwaka wa 12 wa Jamhuri. 1923.

"Hiki ulilipa kiasi gani?"

"Ni nyongeza, Mwalimu."

Akavua miwani, akafuta machozi.