Sita, nane na nusu

Simu ya Fundi haijawahi kuzidi sekunde kumi. Krediti kwake ni kama misumari, haimwagwi ovyo. Jumamosi ile alfajiri alinipigia, nikasikia upepo, mbwa, kisha sauti yake: "Sita, nane na nusu!" Ikakatika.

Mimi nilielewa kabisa. Nguzo za futi sita, tukutane saa nane na nusu. Nikageukia ukutani nikalala tena.

Huku kwetu upande wa Njiru, Nairobi, kuna timbo la zamani. Wachonga mawe walilifuata tabaka zuri la jiwe la kijivu mpaka wakaingia chini ya kilima, mawe yalipowaishia wakaenda zao, wakatuachia pango. Na juu ya pango hilo ndipo inapopita njia ya watoto wa shule. Kila mtu alikuwa na maoni juu ya nani alipaswa kulifukia. Maoni yalipozidi tukaunda kikundi cha kujitolea, watu saba, kazi yetu kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa.

Fundi ndiye mkubwa wetu. Babake alisimika nguzo katika mgodi wa Macalder kule Migori, walikochimba shaba na dhahabu mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na mtoto akarithi nyundo pamoja na ukali. Hugonga paa la pango kwa mtaimbo, sikio juu. Jiwe lililoshika hulia "ngo". Lililoachana na wenzake hulia "bu", kama debe la unga mwisho wa mwezi. Nguzo zake ni za mkaratusi tu. Chuma hakitaki, kwa sababu, asema, mti hulalamika kabla haujavunjika, ila chuma hukuaga ukiwa tayari umelala chini yake.

Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo ndiye mnunuzi. Nikaenda soko la Gikomba. Idadi hakunitajia, basi nikanunua zilizotosha pesa za kikundi: nguzo 18 za futi sita, unene inchi sita, na bei niliishusha hadi muuzaji akaniuliza kama mimi ni mtu wa kanisa. Nikapakia kwenye pikapu, Barabara ya Jogoo ikanila muda wake wa kawaida, na saa nane na nusu kamili nikateremka timboni. Nilikuwa hata nimeandaa maneno kuhusu kutunza wakati.

Watu sita walikuwa wameketi juu ya mawe tangu saa mbili asubuhi. Birika la chai lilikuwa limelala ubavu.

"Mbona hamkunipigia?"

"Tulikupigia mara 11."

Nikatazama simu. Kweli 11. Lakini Gikomba nani husikia simu?

Fundi hakusema kitu. Alibeba nguzo moja hadi ndani, akaisimamisha, akarudi hatua mbili. Kati ya kichwa cha nguzo na paa mbuzi angepita bila kuinama. Paa lilikuwa futi nane na nusu. Nguzo zilizotakiwa zilikuwa sita.

"Karani," akaniambia, "hapo juu utasimama wewe?"

Na nguzo mbili mbovu walikuwa wameshazing'oa asubuhi, wakinitegemea. Fundi akaamua tuzikate zangu katikati, zilale mbili hivi, mbili hivi, zikipishana kama watoto wanavyopanga njiti za kiberiti, mpaka juu. Safu 17, vipande 34. Viwili vilivyobaki tukavipasua kabari.

Kama adhabu nikapewa pima maji na tochi, nisimame katikati nihakikishe kila safu imelala sawa. Nikaifanya kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Safu ikafika kiunoni, nasema sawa. Kifuani, sawa. Ikapita kichwa, nikanyoosha mikono juu na pima maji, sawa, leta! Wa ngazini walifikiri nitatokea chini. Mimi nilifikiri... kusema kweli sikuwa nikifikiri. Kabari zikapigwa, tatu kila kona, vumbi likanimwagikia shingoni, na Fundi akashuka akijipangusa: "Haya, tutoke."

Wakatoka.

Upenyo kati ya mti na mti ulikuwa inchi sita. Mimi si mtu wa inchi sita tangu nioe.

"Fundi, legeza kabari kidogo tu."

"Paa limeshalala hapo. Hatutoi nguzo kabla ya kuweka nyingine. Hata angekuwa askofu humo ndani."

Yaani zilihitajika nguzo nyingine. Sita. Za futi nane na nusu. Na pesa za kikundi zilikuwa zimeishia kunifungia.

Nikapitisha simu upenyoni wazilipie kwa pesa zangu za simu, kwa kuwa pangoni hakuna mtandao. Kijana mmoja akaenda nayo nje, kisha akapaza sauti kutoka mlangoni: "Namba ya siri?" Nikaipiga ukelele. Ni mwaka wangu wa kuzaliwa, na sasa kikundi kizima kinajua kuwa ile miaka 38 ninayojitajia ni hadithi. Baada ya muda sauti ikarudi: "Mbona unabaki na mia tatu na arobaini?"

Nguzo zilikuja kwa bodaboda tatu kutoka Kayole, mbilimbili. Kabla hazijafika, watoto walikuwa wamepata habari. Mmoja, kamasi mbili na muwa mkononi, aliniangalia muda mrefu ninavyokunywa chai kupitia upenyo.

"Huyu aliiba nini?"

"Saa sita na nusu," Fundi akamjibu.

Walinitoa saa moja usiku. Mnara ule wakaurudishia mpaka juu, wakaupa jina la Kizimba, na wageni wakija huonyeshwa mimi kwanza, kisha huo mnara.

Alhamisi Fundi akapiga tena. "Kumi, saba!" Ikakatika. Safari hii sikulala. Nikamwandikia: "Fundi, saba ni futi au ni saa?"

Jibu likaja baada ya nusu saa: "Ndiyo."