Shule za Mkataba Marekani: Kura ya Mlangoni na Dawati Lililobaki Tupu

Tangu jimbo la Minnesota lipitishe sheria ya kwanza mwaka 1991, shule za mkataba, yaani shule zinazolipiwa kwa kodi za wananchi lakini zikiendeshwa na bodi huru, zimetetewa kwa dai kwamba zikipewa uhuru wa kuajiri na kupanga masomo, zitamfikisha mtoto wa maskini mbali kuliko shule ya mtaani kwake. Dai hilo lina ushahidi. Mjini Boston, ambako waombaji huzidi nafasi na kura ya bahati nasibu ndiyo huamua nani aingie, watafiti waliwalinganisha watoto walioshinda kura na walioikosa, wakakuta washindi wamesonga mbele sana, hasa katika hisabati.

Boston, hata hivyo, si Marekani nzima. Mwaka 2009 CREDO, kituo cha utafiti wa elimu cha Chuo Kikuu cha Stanford, kilikuta kwamba ni asilimia 17 tu ya shule hizo zilizozishinda shule za kawaida katika hisabati, huku asilimia 37 zikiwa nyuma. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilionyesha nafuu ndogo kwa wastani, ingawa wanafunzi wa shule za mkataba za mtandaoni walizidi kuachwa nyuma. Kulitumia jina la shule za mkataba kama hakikisho la ubora ni kumpotosha mzazi.

Kuhusu haki, kura ya mlangoni hainipi shaka. Shaka yangu huanza baadaye. Shule ya wilaya, yaani shule ya kawaida ya umma, humpokea mtoto anayehamia katikati ya mwaka, ilhali baadhi ya shule za mkataba hazijazi nafasi za wanaoondoka katika madarasa ya juu, kisha matokeo ya waliobaki hutangazwa kana kwamba ndio wote walioanza. Watetezi hujibu, na kwa haki, kwamba shule za wilaya nazo huchuja kwa anwani, kwani mwenye uwezo hununua nyumba penye shule nzuri. Jibu hilo linafichua dhuluma ya zamani, lakini haliiondoi hii mpya.

Tena fedha humfuata mwanafunzi, wakati paa, basi na mshahara wa mwalimu wa shule aliyoiacha havipungui kwa kiwango hicho. Nadhani hofu hiyo ilichangia sana mwaka 2016, pale takriban asilimia 62 ya wapiga kura wa Massachusetts, jimbo lenye Boston hiyo hiyo, walipokataa shule hizo ziongezwe. Kabla ya kuomba nyongeza nyingine, kila shule ya mkataba ingepaswa kuchapisha, kando ya alama za mtihani, idadi ya watoto walioanza na ya waliomaliza.