Sisi tulihesabiwa miembe, wao waliulizwa kwanza

Mdogo wangu alinipigia simu wiki iliyopita kutoka nyumbani, Kanda ya Ziwa. Mgodi unataka kujipanua upande wa machungani, mkutano wa kijiji umeitishwa, naye ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Akaniuliza, "Kaka, huko Kanada wenzetu wenye migodi wanafanyaje?" Swali hilo limeninyima usingizi, maana jibu lake naishi nalo jirani miaka yote hii na sijawahi kumweleza mtu.

Nahudumia wagonjwa Ottawa. Watu wa kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa katika eneo la Nunavut, wakihitaji daktari bingwa huletwa huku kwa ndege. Nunavut ina vijiji na miji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata miwili. Mama mmoja wa Pond Inlet, wa rika la marehemu bibi yangu, alikuja na kasha la baridi lenye maktaaq, yaani ngozi ya narwali pamoja na mafuta yake, nayo huliwa mbichi. Narwali ni nyangumi mwenye pembe moja ndefu kama mkuki. Akanikatia kipande kwa ulu, kisu cha kina mama chenye umbo la mwezi mchanga. Kinatafunika kama nazi, halafu mafuta yanayeyuka ulimini. Binti yake akanitafsiria maneno ya mama: siku hizi narwali wamepungua kwenye mlango wao wa bahari, na meli zimezidi.

Meli hizo ni za mgodi wa chuma wa Mary River, wa kampuni ya Baffinland. Zilianza kubeba mawe mwaka 2015. Malori huyatoa mgodini kwa barabara ya vumbi ya kilomita 100 hivi mpaka bandari ya Milne Inlet, na wakati wa kiangazi, barafu ikiachia, meli hupita katika maji yale yale narwali wanakokuja kuzalia. Narwali huishi kwa masikio. Huwasiliana na kutafuta samaki kwa sauti, kwa hiyo mngurumo wa meli kwake ni kama moshi machoni mwa mvuvi. Na vumbi jekundu la chuma hutua kwenye theluji, theluji ambayo mwindaji akiwa safarini huiyeyusha akachemshia chai. Nilipoyasikia hayo nilikumbuka mabati yetu ya nyumbani: mvua ya kwanza tulikuwa hatukingi maji, tunaacha kwanza vumbi la mgodi lioshwe.

Mwaka 2018 kampuni iliomba kuongeza uzalishaji kutoka tani milioni 6 hadi milioni 12 kwa mwaka, na kujenga reli ya kilomita 110. Ombi likapelekwa kwenye bodi ya Nunavut ya kutathmini athari, bodi iliyozaliwa na mkataba wa ardhi ambao Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, walitia saini na serikali mwaka 1993. Vikao vikaendeshwa na wakalimani, mwindaji akisimama kueleza kwa lugha yao, Kiinuktitut, mahali karibuu wanapovukia. Karibuu ni paa wakubwa wa kaskazini. Walikuwa wameshapungua mno Baffin hata kabla, mpaka mwaka 2015 uwindaji wao ukasimamishwa, ndiyo maana hofu ya reli ilikuwa kubwa.

Lakini Februari 2021 wawindaji wachache walichoka kusubiri. Wakaenda na pikipiki za theluji, wakapiga kambi juu ya uwanja wa ndege wa mgodi na barabarani, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, wakakaa karibu juma zima. Hawakuwa wakipigana na kampuni peke yake. Walikuwa wakiwaambia pia viongozi wao, waliojadili mikataba kwa niaba yao, kwamba hawajasikilizwa. Mahakama ikaamuru waondoke. Mei 2022 bodi ikashauri upanuzi ukataliwe, na Novemba mwaka huo waziri wa serikali ya Kanada akaukataa.

Sasa nitazame kwetu. Baba alipohamishwa, mthamini alikuja na daftari. Akahesabu miembe, migomba, mihogo, nyumba ya tofali na banda la ng'ombe. Chemchemi ambayo ukoo mzima ulichota maji kiangazi haikuwa na safu katika daftari lile. Njia ya ng'ombe haikuwa nayo. Baba zangu wadogo, waliokuwa na duara lao, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na karasha ya kusagia mawe, waliambiwa eneo si lao. Fidia ilichelewa, na ilipofika, bei ya kiwanja mjini ilikuwa imeshapanda. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Tuliulizwa namba ya akaunti.

Sisemi sheria yetu ni bure. Baada ya kelele za makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, mwaka 2017, serikali ilijipatia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Zahanati nimeziona, madarasa nimeyaona. Ila yote hayo yanazungumzia mgao. Mgao huanza pale uamuzi ulipokwisha kufanywa. Kwetu madini yote ni mali ya Jamhuri, na ardhi ya kijiji inaweza kuhaulishwa kwa manufaa ya umma. Wainuit wana hati ya ardhi ya kilomita za mraba zaidi ya 350,000, ingawa haki ya madini wanayo katika sehemu ndogo tu ya hizo, na mgodi wa Mary River umekaa juu ya ardhi yao. Mwenye hati akikohoa, watu hugeuka.

Wapo wenzetu hapa wanaoniambia Wainuit wanadekezwa. Waende wakaone. Kuna mji ulioitwa Nanisivik, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi na zinki ulioanza mwaka 1976. Waliahidiwa kwamba asilimia 60 ya wafanyakazi watakuwa Wainuit, na lengo hilo halikufikiwa. Mwaka 2002 mgodi ukafungwa, kisha nyumba zikabomolewa, huku familia za Arctic Bay jirani zikiwa zimebanana chumba kimoja watu wengi. Wenyewe wanaukumbuka mgodi ule kwa mengi, mazuri na mabaya. Nyumba zile bado zinawauma.

Na kuna kazi yenyewe. Wanaofanya kazi migodini leo hulala kambini wiki mbili, hurudi nyumbani wiki mbili. Baba akitoka kambini ana pesa ya kununua pikipiki ya theluji na petroli, na pengine bila mshahara ule asingeweza kuwinda kabisa. Lakini narwali na barafu havisubiri zamu. Kijana hujifunza kusoma barafu kwa kutembea nyuma ya baba yake, na baba yuko kambini akizungumza Kiingereza. Hili mimi silitazami kwa mbali. Mwanangu wa kwanza alijifunza kuendesha baiskeli nikiwa kwenye simu, picha inakatika katika. Mshahara ulifika kila mwezi.

Jana usiku nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia mambo matatu kabla salio halijaisha. Wadai ripoti ya athari kwa mazingira kwa Kiswahili, na waipate wiki kadhaa kabla ya mkutano, wakaisome kwa sauti pale kwenye mti wa mikutano. Wasianze kuzungumzia fidia siku ya kwanza hata wakiulizwa. Na akae na shangazi yetu, mkubwa aliyebaki, aandike jina la kila chemchemi, kila njia ya ng'ombe na kila kaburi la upande ule wa machungani, na mahali ilipo.

Asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Shangazi amekwisha kutaja majina kumi na tisa, na matano kati ya hayo mimi sikuwahi kuyasikia.