Unataka kukaa na nani?

Swali hilo niliulizwa nikiwa na miaka tisa, Tandika, Dar es Salaam, sebuleni kwetu. Baba alikuwa kwenye kochi mkono wangu wa kulia, shangazi zangu wawili wamesimama mlangoni. Aliyeuliza ni afisa aliyetumwa, wazazi wangu walipoachana, kuja kuangalia mazingira ya nyumbani. Alikunywa soda yake, akaandika mambo mawili matatu kwenye daftari, kisha akanigeukia: "Haya binti, unataka kukaa na nani?" Nikamtazama baba. Nikasema, "Na baba." Afisa akafunga daftari, akaaga. Hata nusu saa haikufika.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Yeye akaenda na mama, Mbagala. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Sheria hiyohiyo inataka matakwa ya mtoto yazingatiwe iwapo amefikia umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru. Hilo neno "uhuru" nimelirudia mara nyingi nikiwa mtu mzima, nikiwaona shangazi zangu pale mlangoni.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja niko California. Nilisoma ustawi wa jamii Kijitonyama, nikafanya mafunzo kwa vitendo Temeke, na huku nikarudi darasani upya hadi nikapata leseni. Nilipotaka kuingia kwenye kazi ya kuchunguza kesi za malezi ya watoto, nikaambiwa leseni peke yake haitoshi. Kanuni za mahakama za huku zinadai saa 40 za mafunzo ya kazi hiyo mahususi kabla hujakabidhiwa jalada, na mbali na hizo kuna saa 16 za kujifunza kuhusu ukatili wa majumbani. Kila mwaka unarudi kunolewa tena. Nilikasirika kidogo, nasema kweli. Nilijiona nimeshasoma vya kutosha.

Siku ya kuzoezwa kuhoji watoto, mwalimu wetu, mama mtu mzima mwenye mvi, alijifanya mtoto wa miaka sita. Akakaa chini kwenye zulia, akashika kalamu za rangi. Kila mmoja wetu alipewa dakika tano. Zamu yangu ilipofika nikachuchumaa karibu naye, nikauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Jana mama alikupiga?" Akainua mkono. "Simama hapo. Umeshampa jibu. Akisema ndiyo, utajuaje kama anakumbuka au anakutii tu?"

Nilikaa kimya. Mtoto wa kwetu aliyelelewa vizuri hambishii mgeni. Akiulizwa na mtu mzima mwenye daftari, anatafuta jibu litakalompendeza mkubwa aliye karibu. Tunamsifu kwa hilo kila siku, halafu siku ya kesi tunalichukua jibu lake kama ushahidi.

Mwalimu akatuonyesha njia nyingine. "Niambie siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Basi. Nani alikuamsha, nani alichemsha chai, sare ilikuwa wapi, ulipoumwa tumbo ulimwita nani. Mtoto anasimulia siku yake, na wewe unaona nani anamlea bila kumtwisha mzigo wa kuchagua. Na huyo mtoto hahojiwi mara moja tu, tena akiwa ameletwa na baba. Siku moja analetwa na huyu, siku nyingine na yule, unaangalia kama maneno yanabadilika kwa kufuata aliyemleta.

Zile saa 16 ndizo zilizonitikisa zaidi. Mwanamume anayempiga mkewe anaweza kuja kwenye mahojiano amepiga pasi shati, anaongea taratibu, nyaraka zote ziko kwenye bahasha. Mke anakuja anatetemeka, ana hasira, anachanganya tarehe. Mchunguzi asiyefunzwa anaandika: baba mtulivu, mama hana utulivu. Niliyaona hayo kwa macho yangu wakati wa mafunzo yangu ya vitendo, na sikujua ninachokiona. Yule mama namkumbuka mpaka leo.

Lakini sitaki mtu asome hapa aseme Marekani wamemaliza. Uchunguzi kamili unaofanywa na mtaalamu binafsi unagharimu maelfu ya dola, na mara nyingi wazazi ndio wanaolipa. Asiye nazo anapata kikao kifupi mahakamani. Tena huku familia inahesabiwa baba na mama. Bibi anaweza kuwa ndiye aliyemlea mtoto miaka mitano, ukamkuta ametajwa mstari mmoja ukurasa wa mwisho. Dar mtoto ana bibi, ana mama mkubwa, ana jirani anayeshinda naye mchana kutwa mama akiwa sokoni, na mchunguzi wa kwetu anajua bila kufundishwa kwamba hao ni watu wa kuulizwa. Hilo tusilipoteze kwa kuiga.

Na sheria zetu si haba. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu aliyefunzwa au mwenye uzoefu katika ustawi wa watoto, ingawa hailazimiki kuufuata. Kimeandikwa tangu 1971! Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza kwamba maoni ya mtoto yatazamwe iwapo ameyatoa kwa uhuru, na kwamba ni vyema ndugu wasitenganishwe. Tangu 2021 Temeke kuna kituo jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi na ndoa chini ya paa moja. Natamani mama yangu angekikuta.

Ninachogombea ni neno "aliyefunzwa". Amefunzwa nini, kwa saa ngapi, na nani? Afisa ustawi wa kata anashika wazee, watoto wanaoishi mtaani, walemavu, na ugomvi wa matunzo, vyote mikononi mwa mtu mmoja. Shahada yake ni nzuri, lakini kumhoji mtoto wa miaka sita ni ufundi wa peke yake, kama kushona kidonda. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, chuo cha mahakama kiko Lushoto. Wakae pamoja waandike kozi ya saa 40 kwa Kiswahili, yenye mifano ya Mbagala na Manzese, na mahakama isipokee taarifa ya malezi kutoka kwa mtu asiyeipitia. Na apewe nauli. Nasikia uchungu ninapojua wapo wanaokwenda kukagua nyumba kwa pesa zao za daladala.

Mwenzangu niliyesoma naye Kijitonyama ni mmoja wao. Mwezi uliopita alinipigia, ana kesi ya watoto watatu, akaniomba nimfundishe hayo maswali. Tukafanya kwenye simu, yeye mchunguzi, mimi mtoto. Akakohoa, akaanza: "Haya mwanangu, niambie siku yako ya jana, tangu ulipoamka."

Sikupanga kusema nilichosema. Nilimwambia nimeamka kitanda kina nafasi. Nimezoea mdogo wangu ananikanyaga miguu usiku, sasa hayupo, na chai ya shangazi haina tangawizi. Hakunikatiza. Niliongea dakika nyingi sana, na baba sikumtaja hata mara moja.