Nyeupe Pe!

Wadau, najua ile picha yangu mbele ya friji ya maabara mmeshaiona. Jamaa yangu wa meza ya jirani anaisambaza tangu juzi, na nusu ya maneno aliyoweka chini yake ni chumvi. Mimi sikupiga magoti mbele ya friji. Nilichuchumaa. Acheni nisimulie mwenyewe kabla habari haijamfikia mama.

Kazi ilikuwa hivi. Nimepachika kipande changu cha DNA kwenye plasmidi iitwayo pUC19 (kiduara cha DNA ambacho bakteria hubeba), nikaiingiza kwenye bakteria wa E. koli: barafuni nusu saa, nyuzi 42 kwa sekunde 45, barafuni tena, halafu saa nzima kwenye mchuzi wa lishe wapate nguvu. Kisha unawapaka kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea) yenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria ambayo plasmidi hiyo huwakinga nayo. Asiye na plasmidi hafui dafu. Mwenye nayo anaota, lakini kuota si kufaulu, maana plasmidi nyingine hujifunga zenyewe zikarudi tupu kama zilivyokuja. Hapo rangi ndiyo hakimu. Plasmidi tupu ina kipande cha jeni ya lacZ kilicho kizima, kwa hiyo bakteria anaikata X-gal, kemikali uliyoipaka juu ya agari, na koloni (kijidoa cha bakteria waliotokana na mmoja) inageuka bluu. Kipande chako kikijipenyeza katikati ya jeni hiyo, mashine imeharibika, koloni inabaki nyeupe. Ukiona bluu, pole. Ukiona nyeupe, chekelea. Hiyo X-gal ikumbukeni.

Juzi asubuhi nafungua inkubeta. Sahani ya kwanza, nyeupe. Ya pili, nyeupe. Ya tatu, nyeupe pe! Koloni zaidi ya mia mbili na bluu hakuna hata ya dawa. Mtu mwenye akili zake angeshtuka, kwa sababu miezi mitatu yote nilikuwa naokota nyeupe mbili katika bahari ya bluu. Mimi nikapiga picha, nikaitupia grupu la maabara: "Waliokuwa wananicheka wajitokeze." Nikaokota koloni 24 kwa vijiti, nikazitia kwenye mirija, nikaziandika namba kwa mwandiko mzuri ambao hata mtihani sijawahi kuuandikia.

(Wale wa fani mmeshashika vichwa. Vumilieni, wenzenu bado hawajafika.)

Profesa akaja mwenyewe. Akanipa mkono. Halafu, kwa upole kabisa, "Hebu niletee ile ya kulinganishia."

Ile ya kulinganishia ni sahani yenye bakteria waliopewa pUC19 tupu, haijakatwa wala kupachikwa kitu. Sikuwa nimeitazama. Ya nini, na mimi nimeshashinda? Nikaitoa chini kabisa ya rundo, imelala kifudifudi, matone ya mvuke kwenye mfuniko, na neno TUPU limeandikwa kwa kalamu yangu nyeusi. Profesa akaigeuza. Akaiinua kwenye mwanga. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Hii ilitakiwa iwe rangi gani?"

"Bluu, Prof."

"Na ni rangi gani?"

Jamani, jibu nilikuwa nalo. Mdomo ndio uliogoma. Nikasikia sauti inayofanana na yangu ikisema, "Nyeupe... kiasi."

Nyeupe kiasi! Jamaa yangu kule nyuma akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Profesa ana huruma, tatizo langu ni kwamba huruma yake niliichukua kama ahadi. Akasema wakati mwingine bluu huchelewa kukolea, ziweke friji saa mbili tatu utazame. Kweli, baridi huikoleza. Basi nikahamia kwenye friji. Kila dakika kumi nafungua, nachuchumaa, naitoa sahani, naielekeza kwenye taa, nafinya jicho moja. Hakuna. Nafunga. Nafungua. Na safari ya saba au ya nane, naapa, pale ukingoni, chini ya agari, nikaiona. Bluu. Laini, ya kupendeza. Nikapiga kelele, "Prof! Bluu hii hapa! Imekuja!"

Maabara nzima ikaja. Profesa akainama, miwani ikashuka puani. Akatazama. Akanyoosha kidole taratibu, akaigusa ile bluu kwa upande wa chini wa sahani.

Ikasogea.

Ilikuwa glavu yangu.

Picha mliyoiona ilipigwa sekunde hiyohiyo.

Chanzo? X-gal haipendi mwanga, kwa hiyo kichupa chake huviringishwa karatasi ya foili. Pembeni yake kuna kichupa cha DMSO, kiyeyushio kitupu cha kuyeyushia hiyo X-gal, ambacho fundi mmoja alikiviringishia foili nacho "kwa usalama." Fundi huyo ni mimi. Nilipaka DMSO kwenye sahani zote kwa uangalifu mkubwa. Bila X-gal kila koloni ni nyeupe, hata ya bakteria mwenye plasmidi tupu.

Nikamwaga sahani mpya, nikahakikisha kichupa mara nne, nikazipaka zile koloni 24 juu yake. Jana asubuhi: bluu 22, nyeupe 2. Leo nimekata kwa vimeng'enya plasmidi za hizo nyeupe mbili, moja ina kipande changu. Moja! Inatosha, kazi inaendelea.

Glavu imebandikwa kwenye mlango wa friji. Wameiandika kwa kalamu yangu nyeusi: "Koloni namba 25."