Ngamia Wako Fora, Mtoto Yuko Korr

Kila ukame unapokaza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuna kauli inayorudi redioni na barazani: hawa wafugaji wanaohamahama nao watulie mahali pamoja, wajengewe shule na zahanati, wasaidike. Haisemwi kwa ubaya. Mara nyingi anayeisema ni mtoto wa huko huko, aliyesomea bweni akafika alikofika, na ambaye njaa hakuisimuliwa. Kwa hiyo si haki kumpuuza kama tunavyompuuza afisa anayeshuka kwa ndege asubuhi na kurudi Nairobi jioni. Anastahili jibu lenye hesabu.

Lakini kwanza nyumba. Kwa Warendille, wafugaji wa ngamia wa huko, nyumba ni ya mwanamke: huijenga mwenyewe na kuibomoa mwenyewe. Asubuhi moja, nje kabisa ya Laisamis, nilikaa chini ya mgunga nikimtazama mama mmoja akihama. Kitu cha kwanza alichotoa ni vyombo vya maziwa, vile vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi wa kijinga cha moto hadi maziwa yenyewe yananukia. Aliviweka kivulini kimoja kimoja kabla ya kugusa kitu kingine. Ndipo ikashuka mikeka, zikafuata ngozi, na mwisho fito zilizopinda. Chupa ya chai niliyowekewa ilikuwa bado ina moto nyumba ilipogeuka mzigo juu ya ngamia, fito zimesimama huku na huku kama pembe za mnyama asiyejulikana. Nilimwomba mwanawe anitafsirie: haogopi kusahau kitu? Mama akacheka. Kinachobaki nyuma, alisema, ni majivu na uzio wa miiba.

Nimeileta habari hii kwa sababu neno "kuhamahama" limeharibika masikioni mwetu. Ukilisikia unafikiria watu waliopotea njia. Ngamia wa Kirendille aweza kukaa zaidi ya siku kumi bila kunywa maji, wakati ng'ombe hapiti siku tatu. Maana yake ni kwamba mwenye ngamia anaweza kulisha mbali na kisima, mahali ambapo majani bado yapo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufika. Kuhama ndiyo kilimo chao. Mkulima wa Meru hulima shamba moja akingoja mvua imfuate. Huyu huifuata mvua.

Historia msomaji anaijua, sitaikokota. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha kwenye maeneo yenye ardhi ya rutuba, na kaskazini ikaachwa ijitafutie. Hadi leo wazee wa huko wakivuka Isiolo kuelekea kusini husema wanakwenda Kenya. Kisha ikaja kiangazi ya mwanzo wa miaka ya 1970, na ile ya 1984. Misheni zikachimba visima na kugawa mahindi. Korr na Kargi zikawa miji. Wengi waliokaa hapo hawakuwa wamechoka kuhama. Walifuata gunia, wakafuata pampu, na palipokuwa na uvamizi wakafuata bunduki ya askari.

Sasa hoja ya wanaotaka watu watulie, na ina uzito. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na makadirio ya serikali yakataja zaidi ya mifugo milioni 2.5 iliyokufa katika kaunti kame. Mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye miguu minne aliamka akiwa hana kitu. Kuna pia mambo ambayo maziwa hayatibu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja ngamia afungwe machela. Chanjo ya surua haiji na mvua. Na msichana aliye mbali na shule yuko karibu na ndoa. Hilo halina haja ya kupakwa rangi. Nimezungumza na wanawake wa Korr wenye vibanda vya chai na sukari ambao hawarudi porini hata uwape ngamia kumi, kwa sababu shilingi wanayoishika ni yao, wakati ngamia ni wa mume, na baada ya mume ni wa mwana wa kwanza. Ukitetea kuhama bila kuwasikia hawa, unatetea picha ya ukutani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kila nikilifikia, mizani inaanza kulala upande mwingine.

Miaka ya katikati ya 1990 watafiti Elliot Fratkin na Eric Roth, pamoja na daktari Martha Nathan, waliwapima watoto wadogo wa Warendille na Waariaal, ndugu zao waliochanganyika na Wasamburu. Walichukua jamii tano. Moja, Lewogoso, bado ilikuwa ikihama na mifugo. Nne zilikuwa zimetulia: Korr kule bondeni, Ngurunit chini ya milima ya Ndoto, Karare kando ya barabara kuu, na Songa kwenye mteremko wa Mlima Marsabit. Walipima uzito, kimo, na kile mtoto alichokula. Watoto wa Lewogoso, wale wasio na zahanati wala duka, ndio waliokuwa wazito na warefu zaidi. Tofauti kubwa ya mlo ilikuwa maziwa, na ilionekana katika mwaka wa mvua na hata katika mwaka wa kiangazi.

Rudia hapo polepole. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kutulia ni kwa ajili ya watoto.

Songa ndiyo inayonisumbua zaidi. Si kambi ya njaa ile. Ilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa wamisionari kwa ajili ya waliopoteza mifugo, wakapata mashamba na maji ya kumwagilia. Kuna sukuma wiki, kuna mahindi, na akina mama hupeleka mboga sokoni Marsabit. Ukimwomba mpangaji yeyote wa maendeleo achore kijiji cha mfano cha waliokuwa wahamaji, atakuchorea Songa. Na bado mtoto wa Songa alipitwa kwa kilo na mtoto anayelala chini ya mkeka unaobebwa na ngamia.

Mpinzani makini atasema: ngoja, waliotulia ni wale waliokwisha kufukarika. Umaskini ndio uliowadumaza watoto, usiusingizie mji. Hoja nzuri, na kwa Korr ina ukweli mwingi. Lakini itazame Karare. Watu wa Karare hawakukosa ng'ombe. Walikuwa na ng'ombe, walikuwa na barabara, na kwa sababu walikuwa na barabara walikuwa na soko. Maziwa yalikamuliwa alfajiri, yakatiwa mtungini, yakapanda gari kwenda mjini Marsabit. Yaliyorudi jioni ni unga, sukari na majani ya chai. Hakuna aliyefanya kosa: ada ya shule hailipwi kwa maziwa lala. Ila kipimo cha mkono wa mtoto hakijui ada. Kinajua alichokunywa.

Wengine watasema takwimu hizo zimezeeka, na kweli zina karibu miaka thelathini. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale haikuwapo, serikali za kaunti hazikuwapo, simu hazikuwapo. Lakini nenda Korr leo uangalie nyumba. Umbo ni lile lile la mviringo, fito zile zile, ila juu yake sasa kuna magunia, makatoni na turubai, kwa maana mikeka huhitaji ngozi na nyuzi, na nyumba haihami tena. Ndani, mlo wa mtoto ni uji wa mahindi na strungi, chai isiyo na maziwa, yenye sukari nyingi. Ngamia hawako. Si kwamba wamekufa wote. Wako fora, kambi ya mbali ya mifugo, na vijana. Hawawezi kukaa karibu, kwa sababu karibu hakuna majani. Watafiti wa mradi wa UNESCO ulioanza mwaka 1976, wenye kituo Mlima Kulal, walikwishaonyesha jinsi ardhi inayoizunguka miji hii inavyovuliwa nguo: miti hukatwa kwa uzio na kuni, nyasi hazipewi nafasi ya kupumua.

Hapa ndipo naona mjadala wenyewe umewekwa vibaya. Tunauliza watu hawa wahame au wakae, kana kwamba familia ni kitu kimoja chenye miguu miwili. Familia ya Kirendille ilishajibu zamani kwa kujigawa. Nyanya yuko mjini na wajukuu wa shule, na jina la kaya limeandikwa kwake kwa chifu. Kijana wa miaka kumi na mitano yuko fora, anakunywa maziwa na mara nyingine damu, halali chini ya paa miezi mingi. Mama anakwenda na kurudi. Baba, kama si mifugo, ni naabo, pale uwanjani wazee wanapoketi kuzunguka moto jioni. Mzaliwa wa kwanza ndiye mrithi wa ngamia, kwa hiyo si ajabu mdogo wake ndiye akapelekwa shule. Nao huwasiliana: kila eneo lina kilima chake cha mtandao, na utamkuta moran juu yake jioni akiuliza kama mdogo wake amefanya mtihani.

Kwa ufupi, ni kaya moja yenye ofisi mbili. Serikali huiona moja tu, ile ya mjini, kwa sababu ndiyo yenye foleni. Ile nyingine, inayozalisha chakula, inaitwa tatizo.

Gharama ya mgawanyiko huu haimpati baba wala moran. Inampata mtoto wa miaka mitatu. Yeye ni mdogo mno kwenda fora na mdogo mno kula mlo wa shule, na anaachwa katikati hasa katika miaka ambayo mwili wake unajengwa. Maziwa yako upande mmoja, yeye yuko upande mwingine.

Na msiniambie haiwezekani kusafirisha maziwa nyikani. Isiolo, akina mama wafanyabiashara wamejenga biashara nzima ya maziwa ya ngamia: yanatoka malishoni kwa pikipiki, yanapoozwa, yanapakiwa basi kwenye madumu, na siku hiyo hiyo yanauzwa Eastleigh. Najua hao ni ngamia wa Wasomali na Waborana, na Isiolo ina lami mlangoni wakati njia ya kwenda Korr ni mchanga. Lakini jambo lenyewe linawezekana. Yanafika Nairobi kwa mwenye pesa; tunachoshindwa ni kuyafikisha kwa mwenye ngamia.

Kwa upande wa sera, tumeandika vizuri kuliko tulivyotenda. Waraka Nambari 8 wa 2012 kuhusu kaskazini na maeneo kame ulikubali waziwazi kwamba kuhama ni njia halali ya kutumia ardhi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaunda baraza la elimu ya wahamaji. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, inayosoma ukijani wa malisho kwa setilaiti, ilikuwa fikra ya mtu aliyeelewa kwamba mifugo ndiyo benki. Hata maktaba ilishapanda ngamia, Garissa mwaka 1996. Kisha bajeti ikija, fedha huenda kwenye jengo, maana jengo lina ukuta wa kubandikia jiwe la msingi. Muuguzi anayezunguka na mwalimu anayefuata boma hawana mahali pa kubandika jina la mheshimiwa.

Simtetei anayetaka kila mtu arudi porini. Bweni libaki, na liboreshwe, hasa kwa wasichana. Zahanati ya Korr ipate dawa, na gari la wagonjwa lipate mafuta. Lakini ningependa kabla ya kuchimba kisima kipya kitakachovuta mji mwingine, mtu aulize kitamsukuma ngamia umbali gani zaidi kutoka kwa mtoto. Ningependa kaya za mjini zisaidiwe kubaki na ngamia wawili wa maziwa karibu, hata kwa kulipia majani wakati wa kiangazi, kuliko kuletewa unga baada ya utapiamlo kuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Na ningependa chanjo ifike fora, kwa sababu akina mama wanaohama na mifugo nao wana watoto mgongoni.

Mara ya mwisho nilipokuwa Korr nilikaa na nyanya mmoja anayelea wajukuu wanne. Jioni kijana mmoja alifika na dumu la lita tano, limefunikwa gunia lililoloweshwa ili lisipate joto. Alikuwa ametembea tangu jana yake. Maziwa yalikuwa yamekwisha kuganda. Nyanya alilitikisa dumu sikioni kupima lilivyopungua njiani, akaita wajukuu, na akaanza kumimina kwa yule mdogo kabisa.