Mbuyu wa machweo hautakupa ushindi

Shindano la picha likitangazwa, wapigapicha wengi wa Dodoma tunakimbilia vitu vilevile: mbuyu mweusi mbele ya jua linalozama, mtoto anayecheka, bibi wa Kigogo mwenye mikunjo usoni. Ni picha nzuri, lakini jaji ameshaziona nyingi kabla ya yako, na yako haimpi sababu ya kuibakiza. Naamini kabisa kwamba wengi hatuangushwi na kamera za bei rahisi. Tunaangushwa na uchaguzi: shindano gani, picha ipi, faili gani.

Soma masharti kabla hujafungua folda la picha zako. Sony World Photography Awards halitozi ada, na lina kundi la picha moja moja ambalo yeyote anaweza kuingia. World Press Photo nalo ni bure, ila ni la wapigapicha wa habari walio kazini. Wildlife Photographer of the Year, la picha za viumbe wa porini, kwa kawaida huwatoza watu wazima ada. Wenye miaka 17 kushuka chini hawalipi. Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, huwa na mada yake kila mwaka, na picha inawekwa Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, kwa leseni huria. Maana yake mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi akutaje. Kama ni picha unayotarajia kuiuzia hoteli au kampuni ya utalii, usiipeleke huko.

Ukikuta sharti linalosema picha zote zilizotumwa, hata zisizoshinda, zinakuwa mali ya mwandaaji, achana nalo. Huyo anakusanya picha za matangazo bila kulipa.

Sasa mfikirie jaji. Katika mchujo wa kwanza ana rundo la picha, kila moja anaipa sekunde chache, mara nyingi ikiwa ndogo kwenye skrini. Kwa hiyo ipunguze picha yako kwenye simu hadi iwe na ukubwa wa stempu, umwoneshe mtu ambaye hakuwepo, umuulize anaona nini. Akianza kuuliza "hii ni nini?", imeanguka. Halafu ikuze, upite pembe zote nne: nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa mtu, kiti cheupe cha plastiki pembeni, nusu mkono wa mpita njia. Vitu hivyo hukuviona kwa sababu ulikuwa unatazama uso, lakini jaji anaviona kwanza.

Chukua ngoma ya muheme, maana hapo ndipo tunapoteza nafasi nyingi. Wanawake wamebana ngoma katikati ya mapaja, mikono inakwenda, miguu inatimua vumbi. Mpigapicha amesimama mbali na lenzi ndefu, ni saa saba mchana, jua liko utosini, na macho ya wapigaji yamegeuka mashimo meusi. Sogea, piga goti, tumia lenzi ya milimita 35 au 50. Kisha amua unataka nini. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ikiwa 1/500 ya sekunde inagandisha vumbi na shanga hewani. Kwa 1/30 mikono inakuwa ukungu huku uso ukibaki mkali, ila itabidi upige nyingi sana ili upate moja ambayo kichwa kimetulia. Ukikaa katikati, 1/125, mikono haigandi wala haitiririki, na jaji atahesabu kuwa ni kosa.

Vumbi linapendeza likiwa limepigwa na mwanga kutoka nyuma, kuanzia kama saa kumi na moja jioni. Hapo kamera hudanganywa na anga jeupe, ikauzima uso. Pima mwanga usoni, au ongeza mwangaza kwa hatua moja hadi moja na nusu, anga liungue kidogo kama ni lazima. Ngozi nyeusi iliyofichwa kwenye giza haiokoleki vizuri kwenye uhariri. Ukiivuta inatoa chengachenga na rangi ya kijivu. Na kama shughuli ni ya mchana tu, mweke mtu kivulini mlangoni au barazani, atazame nje. Ardhi yetu nyekundu inarudisha mwanga laini usoni, bure kabisa.

Vumbi hilohilo linaingia kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga. Upepo wa kiangazi ukianza, usibadilishe lenzi uwanjani. Ingia kwenye gari, funga vioo, kamera itazame chini. Madoa hayaonekani ukipiga na tundu la lenzi likiwa wazi, f/2.8, ila ukilibana hadi f/11 au f/16 yanajaa angani. Kagua anga kwa asilimia 100 kabla ya kutuma.

Doa la sensa kwa kawaida unaruhusiwa kulifuta. Kitu kilichokuwepo mbele ya kamera ni habari nyingine. Mwaka 2010 World Press Photo ilimwondoa Stepan Rudik, aliyekuwa ameshinda, kwa sababu alifuta sehemu ya mguu wa mtu kwenye picha. Picha ilikuwa imekatwa pembeni kwa kiasi kikubwa, na hilo halikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kile kipande kidogo cha mguu. Tunza faili za RAW, yaani faili ghafi za kamera, maana mashindano makubwa huziomba kwa walioingia hatua za mwisho. Na punguza mkono kwenye rangi: udongo wa hapa ukiongezewa wekundu, ngozi za watu nazo zinakuwa chungwa.

Kuhusu nini cha kupiga, tuna utajiri tunaoupita. Zabibu kwa mfano: wengi wanapiga kishada. Shamba lina upogoaji, ufungaji wa matawi, unyunyiziaji dawa, na mavuno mara mbili kwa mwaka. Vidole vinavyonata utomvu vinaeleza zaidi ya kishada kinachong'aa. Soko la mahindi la Kibaigwa lina wabeba magunia. Michoro ya miambani Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni mtego: ukipiga mchoro peke yake, sifa inakwenda kwa aliyeuchora. Weka mtu na mwamba ndani ya fremu, uonekane ukubwa wa mahali. Na usikubali mtu amwagie maji mchoro ili rangi itoke. Hakuna tuzo inayostahili uharibifu huo.

Omba ruhusa kwa unayempiga, na kwa mtoto mwombe mzazi, kwa maandishi ikiwezekana. Droni ina vibali vyake. Usitume picha usiyoweza kuieleza ilipigwaje.

Faili nalo linaangusha wengi kimyakimya. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa na kupoteza taarifa zake za kamera. Ihamishe kama dokumenti au kwa waya. Hifadhi JPEG katika mfumo wa rangi wa sRGB. Wakitaka pikseli 3000 upande mrefu na wewe umekata ukabaki na 1400, usiikuze kwa programu, tafuta nyingine. Usiweke jina lako juu ya picha, maana majaji wengi hawatakiwi kujua ni ya nani.

Maelezo ya picha yaandike kama mwandishi wa habari. "Mama wa Afrika" hayasemi kitu. "Mpiga muheme akianza ngoma baada ya mavuno ya uwele, Chamwino, Dodoma, Julai 2024" yanampa jaji nani, nini, wapi na lini. Tuma siku mbili kabla ya mwisho, kisha fungua barua pepe uhakikishe uthibitisho umefika.